Breki za Gari Kuukuu: Somo la Pascal Chini ya Mwarobaini wa Ukonga

Anayetoka Kisarawe kwa gari kuja Dar es Salaam hupita katika vilima vya Pugu, kisha barabara huteremka kuelekea Gongo la Mboto na Ukonga. Mteremko huo si mkali kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, wala madereva hawautaji kwa hofu. Lakini hapo ndipo, Jumamosi moja asubuhi, nilipokanyaga breki ya gari langu na pedali ikashuka mpaka sakafuni bila ukinzani wowote, mithili ya mtu akanyagaye hewa.

Nilikuwa na binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilirudisha gia hadi ya pili, nikavuta hendibreki. Gari likavutwa kwa nguvu upande wa kulia, kwenye magari yanayopanda. Nikalizuia kwa usukani, likaingia katika mchanga wa ukingo wa kushoto na kusimama hatua chache nyuma ya daladala lililokuwa likishusha abiria. Hakuna aliyeumia. Tulipotoka nje kukagua, tulikuta gurudumu la nyuma la kushoto limelowa mafuta kwa upande wa ndani. Magurudumu mengine matatu yalikuwa makavu kabisa. Binti yangu aliinama akatazama, kisha akauliza: "Baba, limevuja moja tu. Mbona yote manne yamekataa?"

Swali hilo ni jema kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na makala hii ni jaribio la kulijibu. Sehemu ya jibu imo katika kitabu cha fizikia cha sekondari. Sehemu nyingine niliipata chini ya mwarobaini, katika gereji bubu moja ya Ukonga ambako gari hilo lilikokotwa siku ileile, na ambako lilikaa majuma mengi kuliko nilivyotarajia.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza lenye viti viwili. Magari ya aina hiyo yaliundwa katika mji wa Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980, na idadi yake ilizidi 500,000. Langu nililinunua likiwa juu ya matofali katika ua wa mtu, kuku wakitaga kwenye kiti cha abiria. Gereji moja mjini, ambayo sina haja ya kuitaja, ililifufua injini na kunikabidhi kwa maneno kwamba breki nazo "zimefanyiwa sevisi". Niliyaamini maneno hayo. Nilipokuwa masomoni ng'ambo kwa ajili ya shahada ya uzamivu, nilitumia miaka minne nikipima msuguano wa metali kwa mitambo ya thamani kubwa. Sikuwahi hata mara moja kufungua dramu ya gari kwa mikono yangu.

Na tuanze basi na swali la kidato cha tatu. Blaise Pascal, mwanachuoni wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1662, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka uliofuata. Humo alieleza kwamba kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa chomboni husambaa pande zote bila kupungua. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo kuunda mtambo wa kugandamiza vitu vizito. Ilipofika mwaka 1921, gari la Kimarekani la Duesenberg lilitolewa likiwa na breki za kiowevu katika magurudumu yote manne, kwa kufuata ubunifu wa Malcolm Loughead. Jina lake, likiwa na tahajia mpya ya Lockheed, ndilo jina la breki zilizofungwa katika MGB.

Hebu tutazame kanuni hii ikifanya kazi. Pistoni ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, ina kipenyo cha milimita 19 hivi. Eneo lake, basi, ni milimita mraba 283. Tuchukulie kwamba dereva anakanyaga kwa kani ya niutoni 200, na kwamba pedali, ikiwa ni wenzo, huizidisha kani hiyo mara 4. Pistoni itasukumwa kwa niutoni 800, na kanieneo katika mafuta itakuwa niutoni 2.8 kwa kila milimita mraba, yaani mara 28 hivi ya kanieneo ya angahewa. Katika magurudumu ya mbele kuna diski, na kila diski imebanwa na kalipa yenye pistoni mbili, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 54 hivi. Eneo la pistoni hiyo ni kubwa mara 8 kuliko lile la silinda kuu. Kwa hiyo kila moja itaisukuma pedi kwa niutoni 6,400. Mguu wa mwalimu wa chuo kikuu usioinua hata debe la maji umebana chuma kwa kani inayolingana na uzito wa tungamo la zaidi ya kilo 600!

Lakini zingatia neno "kilichofungiwa". Kanieneo huzaliwa na ukinzani. Ukisukuma kitu kisichokukinza, hakuna kani utakayoitia ndani yake. Mara raba ya gurudumu moja ilipopasuka, mafuta yalipata mahali pa kutokea. Na kwa kuwa silinda zote zilikuwa zimeunganishwa kwa mrija mmoja, hapakuwa tena na pembe yoyote ya mfumo ambayo kiowevu kingeweza kukinza. Kanuni ileile iliyoyagawia magurudumu manne nguvu kwa usawa ndiyo iliyoyagawia udhaifu kwa usawa. Waundaji wa magari waliutambua upungufu huo zamani. Marekani ilidai magari mapya ya abiria yawe na mifumo miwili iliyotengana tangu mwaka 1968, ili mmoja ukivuja mwingine ubaki. Gari langu lilitoka kiwandani mwaka mmoja kabla ya hapo.

Hendibreki haikuhusika na msiba huo, kwa sababu yenyewe huvuta breki za nyuma kwa waya wa chuma, si kwa mafuta. Hata hivyo ilishika upande mmoja tu. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelowa mafuta, nayo mafuta huondoa msuguano. La kulia lilikuwa kavu, likashika. Ndiyo maana tulivutwa kulia. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za momenti anaweza kulichora jambo hilo kwa mistari mitatu.

Fundi wa Ukonga ni mzee wa miaka sitini na ushei, mpole, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Aliliweka gari juu ya magogo, kwa maana hakubali mtu yeyote aingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, akafungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki. Hakusema neno. Alichovya kidole, akayasugua mafuta kati ya kidole gumba na cha shahada, akayanusa. Kisha akamtuma kijana wake alete glasi ya maji. Akadondosha humo matone mawili. Sehemu ya mafuta ilitoweka majini. Sehemu nyingine ilielea juu ikifanya utando wenye rangi za upinde wa mvua. "Dokta," akasema, "humu wamechanganya. Kuna oili."

Msomaji na aitazame vizuri glasi ile, maana ina somo zima la kemia. Mafuta ya breki ya kawaida si mafuta kwa maana ya kemia. Ni kiowevu cha jamii ya glikoli, ambacho molekuli zake zina ncha zenye chaji kama zilivyo molekuli za maji, na kwa hiyo huchanganyika na maji. Oili ya injini, au ile ya hidroliki ya trekta, ni mchanganyiko wa haidrokaboni zisizo na ncha hizo, huelea. Raba nayo ni mnyororo mrefu wa haidrokaboni. Kanuni ya wanakemia ni kwamba vitu vyenye asili moja hupenyana: glikoli haiingii katika raba ya breki, lakini oili huingia, ikajipenyeza kati ya minyororo na kuifanya raba ivimbe, ilegee, na hatimaye ichanike. Jambo hili halionekani siku ya kwanza. Pedali huwa nzuri, mteja hufurahi, fundi hulipwa. Kazi ya uharibifu huendelea gizani kwa majuma au miezi, na siku inapodhihirika huitwa ajali ya ghafla.

Tulipofungua silinda moja baada ya nyingine, tulikuta raba zote zimevimba. Ile ya nyuma kushoto ilikuwa laini kama nyama ya embe lililoiva kupita kiasi, ukingo wake umechanika. Kwa hiyo haikutosha kubadili moja. Kila raba, kila mpira unaopeleka mafuta kwenye magurudumu, vyote vilitupwa; silinda na mirija vikasafishwa kwa spiriti mara tatu. Aghalabu wenye magari hulalamika fundi anapowaambia hivyo, wakidhani anatafuta fedha. Katika hali hii fundi asiyesema hivyo ndiye wa kuogopwa.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili maabara bila gharama. Kata vipande viwili vinavyolingana vya mpira wa ndani wa baiskeli, upime urefu na tungamo la kila kimoja. Tumbukiza kimoja katika mafuta ya taa na kingine katika mafuta ya breki, ukifunike vyombo vyote viwili. Pima tena kila siku kwa juma moja na uchore grafu. Tahadhari zinahitajika: mafuta ya breki ni sumu yakinywewa, nayo hubambua rangi ya gari na ya meza, na mafuta ya taa yasikaribishwe moto.

Mpira mmoja wa mbele ulitufundisha jambo ambalo sikulitegemea. Kwa nje ulikuwa mzima. Fundi aliupuliza kwa mdomo: pumzi ikapita upande mmoja, ikakataa kurudi upande wa pili. Kwa ndani ulikuwa umechubuka na kufanya kidimi kilichofanya kazi ya vali. Mafuta yalikuwa yakienda kwenye kalipa kwa nguvu ya mguu, lakini hayakuweza kurudi. Pedi ikabaki imeishika diski, nayo diski ikachemka. Nilikuwa nimeona kwa miezi kadhaa kwamba gurudumu lile lilikuwa la moto na nikadhani ni jua la Dar es Salaam.

Habari ya joto inastahili hesabu. Gari na watu wake tukadirie ni kilo 1,000, na mwendo kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, nayo ni juli 247,000 hivi. Kusimamisha gari ni kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Tuseme diski mbili za mbele huchukua asilimia 70 yake, na kila moja ina kilo 4 za chuma chenye joto maalumu la juli 460 kwa kilo kwa digrii. Kila usimamapo mara moja, halijoto ya diski hupanda kwa digrii 47. Ukisimama mara tano mfululizo bila kuzipa nafasi ya kupoa, zimepanda kwa zaidi ya digrii 230. Mteremko nao ni hesabu ileile kwa njia nyingine: gari hilo likishuka kimo cha mita 200 huku dereva akishikilia breki tu, breki hupokea nishati inayokaribia kusimama mara nane. Hii ndiyo sababu waliotutangulia wakatuambia tushuke kwa gia ileile tunayopandia.

Sasa, joto hilo husafiri kutoka kwenye pedi hadi kwenye mafuta. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini glikoli hunyonya unyevu wa hewa, nasi twaishi pwani. Yakisha kufikia kiasi cha maji cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika cha kuchemka ni nyuzi 140 tu. Tone moja la maji, sehemu ya 20 ya mililita, likigeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida hujaza mililita 80 na zaidi, ilhali silinda kuu nzima husukuma mililita chache tu kwa kila mkanyago. Mvuke hugandamizika, pedali huzama sakafuni ingawa hakuna hata tone lililovuja. Gari likipoa, breki hurudi kuwa nzima, na dereva aliyenusurika huitwa mwongo. Shauri langu kwa wenye magari wa pwani ni kuyabadili mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, na kutonunua kopo lililokwisha kufunguliwa hata likiwa la bei nafuu.

Nafika kwenye jambo ambalo lingali linanisumbua. Siku ya kufungua dramu za nyuma, kijana wa fundi alichukua mpira wa kompresa ili apulize vumbi, kama afanyavyo kila siku. Nilimzuia kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Laini za breki za magari ya zama zile zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zinazostahimili joto, nasi hatukujua laini zile zilikuwa za mwaka gani. Nyuzi za asbesto zikivutwa pamoja na hewa hubaki mapafuni. Huleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka, na ugonjwa huweza kudhihirika baada ya miaka 20, 40 au zaidi. Uingereza yenyewe, nchi iliyouunda mkweche huu, iliipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999. Tulilowesha dramu kwa maji ya sabuni, tukazifuta kwa matambara, matambara tukayafunga katika mfuko wakiwa bado mabichi.

Fundi alisimama akatutazama tukifanya hivyo. Kisha akasema kwa utaratibu: "Dokta, mimi nimepuliza dramu miaka thelathini." Sikuwa na jibu. Kijana hapulizi tena dramu. Hilo nimelishuhudia mara zote nilizokwenda.

Vipuri viliagizwa Uingereza. Mkerezaji wa jirani alikuwa tayari kutuchongea pistoni za kalipa kwa chuma cha kawaida katika muda wa siku moja, na kazi yake ni safi. Tulikataa, kwa kuwa chuma kile kingeota kutu kwa unyevu wa pwani, na kutu ni msasa kwa raba. Tulingoja pistoni za chuma kisichoshika kutu. Mirija ya chuma iliyokuwa imelika kwa chumvi ya pwani ilibadilishwa kwa mirija ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu na hukunjika kwa mkono.

Kazi ya kutoa upepo niliiomba mimi. Hewa iliyobaki katika mirija hufuata kanuni ya Boyle: mililita moja ya hewa, kanieneo inapopanda kufikia mara 29 ya kawaida, hubaki kuwa sehemu ya 29 ya mililita. Karibu mililita nzima imepotea bure, na kwa vipimo vya gari hili pedali hushuka milimita 14 zaidi. Binti yangu alikanyaga, mimi nikafungua nati za kutolea upepo, gurudumu la mbali kwanza. Tulimaliza chupa moja ya mafuta, kisha ya pili. Mapovu yalikwisha kabisa, lakini pedali ilikuwa ingali inashuka zaidi ya nusu ya safari yake. Nikatangaza kwamba kuna hewa iliyojificha katika silinda kuu, nikaanza kueleza kwa nini.

Fundi aliniacha nimalize. Kisha akaketi kitini, akakanyaga mara moja tu. "Ikishuka halafu ikagota ngumu, si upepo," alisema. "Upepo hudunda. Hii inasafiri tu. Funga kwanza ajasta za nyuma." Akaingia chini na spana, akakaza ajasta ya kila gurudumu la nyuma mpaka gurudumu likashikwa, akailegeza kidogo mpaka likazunguka kwa uhuru. Pedali ilisimama juu. Viatu vya breki vilikuwa mbali na dramu, na mafuta yote yalikuwa yakitumika kuziba nafasi hiyo kabla ya kuanza kubana. Boyle hakuwa na kosa. Nilimshtaki kwa kesi isiyokuwa yake. Mzee yule aliniongezea dalili ya tatu nami nawapa wasomaji: pedali inayogota juu vizuri, kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mahali panapovuja kwa nje, ni raba ya ndani ya masta silinda inayopitisha mafuta.

Tulilijaribu gari kwanza katika uwanja tambarare, kwa mwendo wa mtu atembeaye, halafu zaidi. Juma lililofuata tulikwenda tena Kisarawe, sisi watatu kwa zamu maana viti ni viwili. Katika mteremko wa Pugu nilikanyaga mara kadhaa nikiwa katika gia ya tatu. Gari lilisimama kwenye mstari ulionyooka. Tulipofika Ukonga, binti yangu alidondosha maji kidogo kwenye diski ya mbele, yakachemka na kutoweka kwa mlio. Akadondosha mengine kwenye dramu ya nyuma. Yalitiririka tu hadi chini.

"Breki zote zimepata kanieneo moja," akasema. "Kwa nini za mbele zimechemka, za nyuma vuguvugu?"

Nilimwambia asinitazame mimi. Boneti ilikuwa na vumbi la kutosha. Akaanza kuchora gari kwa kidole, na mishale ya kani ikielekea chini kwenye kila gurudumu, mzee akisimama nyuma yake akimwambia wa mbele aurefushe.